Garimoshi la Mvuke: Kwa Nini Watalii Bado Walipenda?



Sisi tulalao bwenini twaijua vizuri honi ya treni ipitayo usiku kwenda Mwanza au kurudi Tabora. Wadogo wa Kidato cha Kwanza huamka na kusema, “Garimoshi hilo!” Nami hujiuliza: moshi uko wapi? Treni zipitazo hapa Shinyanga zavutwa na injini za dizeli, na moshi wake ni kidogo. Zile za reli mpya ya SGR, zilizoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, zaenda kwa umeme na hazina moshi hata chembe. Lakini jina limebaki. Mzee na mtoto wote wasema garimoshi, kana kwamba ile injini nyeusi ya zamani ingali mbele ya mabehewa, ikihema.

Ajabu ya pili ni hii. Ziko nchi tajiri zenye treni ziendazo upesi sana, na huko huko watu hulipa fedha nyingi wapate kupanda treni kuukuu ya mvuke, iendayo polepole na kuwachafua nguo kwa masizi. Je, watu hao wana wazimu? Mimi nilidhani hivyo. Sasa sidhani tena, na katika makala haya nitajaribu kueleza sababu. Nitaeleza pia kwa nini jambo hili linanigusa mimi mwenyewe, maana nina deni.

Yafaa tuanze na injini yenyewe. Injini ya mvuke ni birika kubwa juu ya magurudumu. Nyuma yake liko tanuru la moto. Hewa ya moto kutoka tanuruni hupita ndani ya mabomba mengi membamba yaliyozungukwa na maji, na maji hayo huchemka yakawa mvuke. Mwalimu wetu wa Fizikia ametufundisha kwamba lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita kama 1,600 hivi. Basi mvuke uliofungwa ndani ya boila hauna nafasi hiyo, nao husukuma kwa nguvu nyingi sana. Dereva akiufungulia njia, huingia katika silinda na kusukuma pistoni, pistoni husukuma fito za chuma, na fito huzungusha magurudumu. Mvuke uliokwisha fanya kazi hutoka kwa kishindo katika dohani. Ile sauti ya “chu, chu, chu” tuigizayo tulipokuwa watoto ndiyo pumzi hiyo.

Kwa nini basi injini hizo ziliachwa? Ziliachwa kwa sababu zilikuwa na njaa kubwa na kiu kubwa. Katika nishati yote ya kuni, makaa au mafuta yaliyochomwa, sehemu ndogo tu, chini ya moja katika kumi kwa kawaida, ndiyo iliyogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki ilikwenda zake angani. Tena injini ya mvuke haiwashwi kama pikipiki. Moto wake huwashwa saa nyingi kabla ya safari. Na katika nchi kavu kama hii yetu ya Usukuma na Unyamwezi, kupata maji ya kuinywesha njiani kulikuwa kazi kwelikweli. Dizeli ilipokuja, mambo hayo yote yakaisha. Mtu mwenye akili asingekataa dizeli.

Tena sina budi kusema kweli juu ya reli yenyewe, kwa maana wengine huisimulia kama hadithi tamu tu. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilifuata kwa kiasi kikubwa njia ile ile ya misafara ya zamani, na Wanyamwezi waliokuwa wapagazi katika misafara hiyo wakawa miongoni mwa vibarua walioijenga. Tawi letu la kutoka Tabora kupitia Shinyanga hadi Mwanza lilijengwa na Waingereza, likafika Mwanza mwaka 1928. Ilikuwa reli ya kuchukua pamba yetu na mali nyingine kwenda pwani. Wenye nchi walisafiri daraja la tatu. Babu zetu hawakuipanda kwa starehe.

Sasa nirudi kwenye swali. Kwa nini watalii waipenda?

Sababu ya kwanza ni kwamba injini ya mvuke haifichi kazi yake. Ukitazama injini ya dizeli au ya umeme, waona sanduku tu. Hujui ndani mna nini. Lakini injini ya mvuke huonyesha kila kitu waziwazi. Fito zaonekana zikienda mbele na nyuma, maji yadondoka, moto wawaka, mvuke watoka. Hata mtoto asiyejua kusoma aweza kuona nguvu inatoka wapi na inakwenda wapi. Ipandapo mlima huhema, iteremkapo hupumua. Watu hupenda kitu kilicho kama hai.

Sababu ya pili ni mwendo wake. Mtu apandaye ndege huona mawingu, kisha uwanja wa ndege. Apandaye garimoshi la zamani huona nchi. Mfano mashuhuri ni reli ndogo ya Darjeeling huko India, iliyofunguliwa mwaka 1881. Reli hiyo ina upana wa sentimeta 61 tu, nayo hupanda milima kwa kuzunguka na kujikunja, ikipita karibu sana na milango ya maduka ya watu. Mwaka 1999 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa haraka, watu huenda Darjeeling kwa gari. Lakini wageni huendelea kupanda kile kigarimoshi, maana kwao safari yenyewe ndiyo waliyoijia.

Sababu ya tatu ni historia. Mtu hushika historia kwa mkono akaiamini zaidi. Huko Nairobi liko Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa ambalo mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia usiku akamchukua ofisa wa polisi aitwaye Charles Ryall, aliyekuwa amemvizia simba huyo akapitiwa na usingizi. Twaweza kusoma habari hiyo kitabuni. Lakini mtu akisimama mbele ya dirisha lenyewe, nywele humsimama.

Katika makumbusho hayo hayo ziko injini zituhusuzo sisi Watanzania. Iko injini Na. 5918, iitwayo Mount Gelai, kwa jina la mlima wetu ulio karibu na Ziwa Natron. Iko Na. 5930, Mount Shengena, kwa jina la mlima wa Upare. Hizo ni za aina ya Garratt, zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock huko Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34 kwa jumla, kila moja ina uzito wa tani 252, na boila yake imening'inizwa katikati ya mafungu mawili ya magurudumu. Sababu ya umbo hilo ni ya hesabu: uzito ukigawanywa juu ya magurudumu mengi, reli nyepesi huweza kuuchukua, na injini ndefu huweza kupinda kwenye kona. Iko na injini Na. 3020 iitwayo Nyaturu, kwa jina la ndugu zetu wa Singida. Nyaturu na Mount Gelai hazikubaki kuwa sanamu tu. Baada ya mwaka 2000 zilipata kutengenezwa na kuwashwa moto tena, zikavuta mabehewa ya watalii waliotoka mbali kuzifuata.

Kundi jingine la Garratt lilipewa majina ya magavana wa Kiingereza. Baada ya uhuru majina hayo yalibanduliwa, lakini injini ziliendelea kuvuta mizigo. Mimi naona hapo pana funzo. Twaweza kubandua jina tusilolipenda bila kutupa chuma chenyewe.

Sababu ya nne ni watu. Injini ya mvuke haiendi bila watu wenye ujuzi, na ujuzi huo haumo kitabuni wote. Mfano bora naujua kutoka Eritrea. Waitalia walijenga huko reli kutoka bandari ya Massawa, ikafika Asmara mwaka 1911, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya meta 2,300. Katika vita virefu vya ukombozi reli hiyo iliharibika, hata vyuma vyake vikachukuliwa kujengea mahandaki. Eritrea ilipopata uhuru mwaka 1993, hawakungojea wafadhili. Waliwaita wafanyakazi wa reli waliokwisha staafu, wazee wa miaka 60 na 70 na zaidi. Wazee hao walikusanya reli na mataruma, wakafufua injini kuukuu, na mwaka 2003 njia ikafika tena Asmara. Baadaye watalii walikuja kuikodi treni hiyo, na pamoja na milima walitaka kuwaona wale wazee.

Hata Uingereza, kwenye viwanda vyote, mambo yalianza kwa watu wa kujitolea. Mwaka 1951, huko Wales, reli ndogo ya Talyllyn ilikuwa karibu kufungwa. Watu wa kawaida wakajiunga, wakaiendesha wenyewe siku za mapumziko bila mshahara. Ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa hivyo, na mpaka leo yachukua wageni.

Iko sababu ya tano, nayo niligundua kwetu Geita. Kabla ya Juni 2025 tulivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Sasa liko Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa tatu na zaidi, na gari hupita kwa dakika chache. Hakuna mtu kwetu anayetamani kurudi kwenye foleni ya kivuko akiwa na mgonjwa. Lakini majuzi nilimsikia mama yangu akisema, “Siku moja ningependa kukaa tena juu ya kivuko, nitazame maji.” Hapo nikaelewa. Kitu kikiwa cha lazima, twaona taabu yake. Kikiacha kuwa cha lazima, ndipo twaona uzuri wake. Mtalii apandaye treni ya mvuke anajua kwamba kesho atarudi kwa ndege.

Sasa nieleze deni langu.

Babu yangu aliingia kazini katika reli mwaka 1966 huko Tabora. Alianza kwa kusafisha injini, akapanda kuwa mchochea moto. Alipostaafu alikuja kukaa hapa Shinyanga, nami nilisoma darasa la nne na la tano nyumbani kwake. Ukutani ilitundikwa taa ya mkono ya gadi, ya mafuta ya taa, yenye vioo vya rangi nyekundu na kijani, imepigwa chapa E.A.R. & H. Rafiki yake gadi alimwachia kabla ya kufa. Siku moja alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake. Babu hakuwapo. Mimi niliitungua ile taa nikamwuzia kwa shilingi elfu mbili, nikanunua soda na maandazi. Babu aliporudi alitazama ukuta, akanitazama mimi, akaniuliza, “Amekupa ngapi?” Nikamwambia. Akasema, “Basi,” akaketi. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga.

Mwaka jana wakati wa likizo tulikwenda stesheni pamoja naye kumpokea shangazi. Tulimkuta Mzungu mmoja mzee na mkewe, wasafiri wa treni kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, walioteremka hapa kwa siku mbili. Walikuwa wakipiga picha jengo la stesheni. Mzee yule aliniuliza kwa Kiingereza kama yuko mtu anayekumbuka injini za mvuke. Nikamwonyesha babu, nikawa mkalimani.

Nilidhani babu alikuwa akitupa makaa kwa beleshi, kama nilivyoona katika picha za sinema. Babu akacheka. “Makaa yapi, mjukuu wangu? Sisi tulichoma mafuta mazito, mazito hata ilitupasa kuyapasha moto kwanza ndipo yatiririke. Beleshi lilikuwa la mchanga.” Akaeleza kwamba masizi yakiganda ndani ya mabomba ya boila, mchochea moto hutupa mchanga kidogo katika tanuru, na upepo wa moto huuvuta mchanga huo upite mabombani, usugue masizi yote yatoke kwa dohani. Yule mgeni akaruka kwa furaha. Alisema ana picha nyingi za moshi mweusi kama huo, na kwa miaka yote hakuwa amewaza kwamba yuko mtu ndani aliyekuwa akifagia. Babu akajibu, “Mwambie, yeye aliuona moshi kwa macho. Mimi niliuona kwa kifua.”

Walizungumza karibu saa mbili. Mwisho yule mama akauliza kama babu amehifadhi kitu cho chote cha siku hizo. Babu hakunitazama. Alisema tu, “Tulikuwa na taa. Imepotea.” Nami ilinipasa kuyatafsiri maneno hayo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wasomaji wa kwetu Geita wanajua neno magwangala. Ni mawe ya mgodini yaliyohesabiwa kuwa takataka. Watu maskini huyaponda na kuyaosha, na humo humo hupata dhahabu kidogo. Injini kuukuu, taa, tikiti za karatasi ngumu, saa za stesheni na maneno ya wazee wa reli ndiyo magwangala yetu. Mwenye mzani huviona kuwa kilo za chuma. Lakini mtu wa Nairobi, wa Asmara na wa Darjeeling ameosha magwangala yake akapata kitu.

Lakini je, twaweza kuwa na treni ya mvuke ya watalii hapa kwetu? Nisiwadanganye: si rahisi. Boila kuukuu ni hatari, yaweza kupasuka na kuua, kwa hiyo sharti ikaguliwe na mafundi wenye ujuzi. Kuitengeneza ni gharama kubwa. Tena liko jambo la upana wa reli. Treni ya kifahari ya Rovos Rail ya Afrika Kusini imekuwa ikileta watalii Dar es Salaam tangu mwaka 1993, katika safari ya majuma mawili hivi kutoka Cape Town, kwa kupitia reli ya TAZARA. Haiwezi kuja Shinyanga, maana reli ya TAZARA ina upana wa milimeta 1,067 kama za kusini, na hii yetu ina milimeta 1,000. Reli mpya ya SGR, ambayo kipande chake cha Mwanza hadi Isaka kilianza kujengwa mwaka 2021, ina milimeta 1,435. Wala hata Rovos yenyewe, kwa sehemu kubwa ya safari, haivutwi na mvuke. Lakini wageni huridhika, kwa kuwa mabehewa ni ya zamani na mwendo ni wa zamani.

Twaweza basi kuanza na kidogo. Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement aliwasaidia Wasukuma kukusanya ngoma, viti na zana zao, na leo hayo ni makumbusho yanayoendewa na wageni na wanafunzi. Hawakuanza na jumba kubwa, walianza na kukusanya. Vivyo hivyo Chama cha Historia cha shule yetu chaweza kuwatembelea wazee wa reli walio Shinyanga, Isaka na Malampaka, kuandika maneno yao na kupiga picha vitu walivyo navyo. Wazazi msomao makala haya, kama nyumbani kwenu iko taa, beji, filimbi au kitabu cha sheria za reli, msikiuze. Kama hamkitaki, kipeni shule. Kazi hii haitaki mfadhili, yataka daftari na mapema, kwa maana wazee hawatungojei.

Mimi nimekwisha anza. Daftari langu limejaa kurasa 31 za maneno ya babu, tangu jinsi ya kuwasha moto alfajiri mpaka majina ya stesheni zote za Tabora kwenda Mwanza kwa taratibu yake. Nilipomsomea, alinisahihisha mahali pawili, kisha akasema, “Hii haiwezi kuuzwa kwa kilo.”

Taa sitaipata tena. Lakini wahenga walisema ya kale ni dhahabu, na sisi watu wa Shinyanga na Geita ndio tusiopaswa kufundishwa kuitambua dhahabu.